Naomba ushauri: nataka kumpeleka mzee wangu na watoto Entebbe kuona mitambo ya kijeshi ya zamani

Mama wa Bombo
Salaam aleikum ndugu zangu, na wakubwa shikamooni.

Baba yangu alikuwa fundi wa magari jeshini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi serikali ya Amin ilipoanguka Aprili 1979. Sasa miguu imechoka ila kichwa kiko sawasawa. Vita hajatusimulia hata siku moja. Anachosimulia ni mashine. Atakueleza Ferret ya Waingereza, kigari cha deraya chenye gia tano za kwenda mbele na tano za kurudi nyuma. Atakueleza OT-64 ya Chekoslovakia, gari la deraya la kubeba askari, matairi manane, injini inapozwa kwa hewa, rejeta haina, na ikifika majini inaelea. Huwa anaichora kwa kijiti uani, wajukuu wamemzunguka.

Hao wajukuu ndio wameniganda. Mkubwa yuko darasa la sita, mdogo bado chekechea. Wanataka babu awaonyeshe kitu cha kugusa. Nimesikia pale Aero Beach, Entebbe, kuna ndege kuukuu ufukweni. Ninachoogopa ni kumpeleka mzee mahali patakapomchoma moyo, tena mbele ya watoto. Mnaonaje? Na ule uwanja wa ndege wa zamani, uliovamiwa na Waisraeli mwaka 1976 kuokoa mateka wa ndege ya Ufaransa, raia anaruhusiwa kuingia?

Jirani wa Entebbe
Wa aleikum salaam mama. Nianze na la mwisho: uwanja wa zamani uko ndani ya eneo la jeshi, si mahali pa kufika tu na watoto ukaomba kuzunguka. Bila ruhusa ya maandishi usijisumbue. Na mkipita karibu, simu zikae mfukoni. Kambi, vizuizi na wanajeshi havipigwi picha.

Aero Beach ni jambo jingine, ni mahali pa starehe. Unalipa kiingilio, ndege zimekaa mchangani, watoto wanapanda na kushuka. Nendeni asubuhi, maana kufika saa saba mchana bati la ndege linaunguza viganja. Wavae viatu vya kufunika vidole, kingo za bati kuukuu zinakata. Ziwani wasiingie hata kwa miguu tu, kichocho kipo.

Jambo moja la kumwambia mkubwa wao: akisikia mtu anasema hapo ipo ndege ya Ufaransa iliyotekwa, si kweli. Ile Airbus ya Air France ilirudishwa kwa wenyewe na ikaendelea kubeba abiria. Zilizoteketea usiku ule wa uvamizi ni MiG, ndege za kivita za jeshi letu, zilipuliwa zikiwa zimeegeshwa.

Afande Mstaafu
Mama, naomba unisikilize kwa hili. Watoto wasivae nguo za mabaka. Najua zinauzwa mitumbani na vijana wanazipenda, hasa wakisikia wanaenda kuona mambo ya jeshi. Kwetu Uganda raia kuvaa sare au kitu kinachofanana nayo ni kosa kisheria, na Entebbe askari wako kila kona. Usimtie mzee wa watu katika maelezo ya kituoni.

Msalimie sana mzee. Mafundi wa karakana ndio waliotubeba, sisi wengine tulikuwa tunaendesha tu.

Binti Koboko
Kuna walionishauri niwapeleke wanangu Lubiri, ile ikulu ya Kabaka pale Mengo, wakaone lile handaki la Amin. Mimi nimekataa, angalau mpaka wafike sekondari. Lilijengwa liwe ghala la silaha, likageuzwa mahali pa kuulia watu. Mtoto wa chekechea ataenda kulipeleka wapi hilo? Makumbusho ya Uganda pale Kira Road yanawatosha: kuna ngoma na vinanda vya kienyeji, na nyuma kuna nyumba za asili za makabila yetu. Ila kwa shauku ya babu yao, kweli Entebbe ni bora.

Mwana wa Kagera
Dada, mimi niko Bukoba. Baba yangu mdogo alikuwa upande wa pili, JWTZ, jeshi la Tanzania lililopigana na la Amin, dereva wa lori. Alivuka mpaka pale Mutukula na wenzake, akawepo kwenye mapigano ya Lukaya, Uganda, Machi 1979. Nasema haya kwa heshima yote kwa mzee wako.

Kwa miaka mingi tulimuuliza vibaya. Tulikuwa tunamuuliza, "Uliua? Uliogopa?" Anatema mate, anaondoka. Kisha mdogo wangu, ambaye ni dereva wa malori ya kahawa, akamuuliza walipitishaje magari pale Lukaya, barabara moja na kinamasi huku na huku. Mzee akavuta kigoda. Akaeleza presha ya matairi, minyororo, nani anatangulia, taa zinazimwa wapi. Akaeleza Saba Saba, ule mtambo wa kurusha roketi, inavyotikisa lori kila roketi inapotoka. Katikati ya maelezo hayo ndipo akawataja rafiki zake ambao leo wamelala Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa. Sisi hatukuwa tumemuuliza habari zao.

Kwa hiyo ushauri wangu: mwulizeni habari za mashine. Vita akitaka kuvisema atavisema mwenyewe, na asipotaka mwacheni. Mkubwa mwambie kabisa kabla hamjatoka nyumbani kwamba swali la "babu uliua watu?" haliulizwi.

Mtoto wa Arua, Uingereza
Ferret kama anayoisema mzee iko huku, kwenye makumbusho ya vifaru ya Bovington, Dorset. Mahali ni pakubwa, na mzee simshauri safari hii kwa ajili ya gari moja. Lakini ukiwa na ndugu huku, siku akienda akupigie kwa video amzungushie mzee taratibu, chini, nyuma, upande wa injini. Mimi nilimfanyia hivyo mjomba wangu, naye akawa ananielekeza: "Sogea kulia, inama, hapo hapo!"

Mama wa Bombo
Nimesoma yote, nikampa simu dada yangu naye akasoma. Mwana wa Kagera, mfikishie baba yako mdogo salamu za nyumba hii. Nimeamua: Entebbe, Jumamosi, asubuhi, na maswali yawe ya fundi. Kaptula ya mabaka nimeshaitoa kabatini, afande.

Limebaki moja. Mzee anatembea na mkongojo. Kwenye ule mchanga ataweza?

Jirani wa Entebbe
Mchanga mkavu utamchosha. Beba kiti cha plastiki cha nyumbani chenye mikono, mketishe kivulini karibu na ndege mojawapo, halafu watoto ndio waende na kurudi kumletea habari: tairi liko hivi, mlango unafunguka hivi. Mkifika mapema, mwambie dereva aombe getini awasogeze hadi pale ardhi ilipo ngumu.