Re: Fremu kwenye jengo la zamani Paisley, nisaini?

Asalaam aleikum wapendwa, poleni na baridi. Nimepata fremu ya ushonaji hapa Paisley, mji wa Uskoti karibu na Glasgow, chini ya jengo la mawe la enzi za Malkia Victoria, vioo vikubwa, dari iko juu kweli, katikati kuna nguzo mbili nyembamba za chuma. Kodi nafuu. Ila ukuta wa nyuma una unyevu, na fundi kaniambia atapiga simenti na kuweka madirisha ya plastiki, siku tatu kazi imeisha. Dalali anataka nisaini ijumaa. Nimeipenda mno lakini moyo unasita.

---

Waalaikum salaam dada yangu. Usisaini ijumaa, na huyo fundi asiguse kitu.

Kwanza ujue umepata nini. Hizo nguzo si mapambo, ndizo zimebeba ghorofa za juu, yaani mwenye duka wa zamani alitaka sakafu iwe wazi bila kuta za katikati, na mwanga uingie mpaka ndani maana taa za umeme hazikuwepo. Vioo vikubwa navyo vina sababu yake, kodi ya vioo Uingereza ilifutwa 1845, ya madirisha 1851, wafanyabiashara wakaanza kufungua kuta. Ukipata nafasi nenda Glasgow mtaa wa Jamaica ukatazame jengo la Gardner, lilikuwa duka la fanicha, limejengwa 1856 na uso wake wote ni chuma na kioo, mchoraji wa ramani yake John Baird. Mimi nikipita pale lazima nisimame. Wewe unayeshona, mwanga wa namna hiyo wa kuonea rangi ya kitambaa hutaupata kwenye fremu za kisasa.

Sasa simenti. Nimekulia Mji Mkongwe Unguja, baba yangu mdogo alikuwa fundi wa chokaa, na neno lake kila siku ni kwamba ukuta wa mawe lazima upumue. Kwetu ni mawe ya matumbawe, huku ni mchanga uliogeuka jiwe, lakini tabia ni ileile, jiwe linakunywa maji ya mvua halafu linayatoa taratibu kupitia chokaa ya kwenye viungo, ukiziba viungo kwa simenti maji yanakwama ndani ya jiwe, na huku baridi ikija yanaganda, yanavimba, uso wa jiwe unabanduka vipande vipande. Tembea tu Paisley uangalie kuta zilizoliwa mawe huku mstari wa simenti umebaki umesimama peke yake, utaelewa. Na mara nyingi unyevu wa namna hiyo unatoka juu, gata imeziba au bomba la mvua limepasuka, kwa hiyo toka nje siku ya mvua uangalie maji yanashukia wapi kabla hujalipa mtu hata senti.

Madirisha ni kesi nyingine kabisa. Ingia tovuti ya Historic Environment Scotland, shirika la serikali la majengo ya kihistoria, utafute anuani yako, kama jengo liko kwenye orodha yao, daraja A, B au C, ulinzi ni wa nje na ndani pia, na kubadilisha bila kibali cha Renfrewshire Council, halmashauri ya hapo, ni kosa la jinai. Hata kama haliko kwenye orodha angalia kama mtaa ni eneo la hifadhi ya majengo ya zamani. Bango la duka na shata za chuma pia uliza kabla.

Lakini linaloniogopesha zaidi ni mkataba. Nilipofungua duka langu la kwanza nilisaini bila wakili, baridi ya kwanza paa likavuja, nikaambiwa soma ukurasa wa nane, paa ni lako. Nililipa mpaka nikauza gari. Mikataba hiyo wanaiita FRI, mpangaji anabeba matengenezo yote na bima, hata ubovu aliokuta. Tafuta wakili wa hapahapa Uskoti, sheria zao si za London, mwambie adai ripoti ya hali ya jengo yenye picha iambatishwe, na iandikwe kwamba hurudishi jengo likiwa bora kuliko ulivyolipokea.

Halafu uliza thamani yake ya kukadiria rates, yaani kodi ya majengo ya biashara, ikiwa haizidi pauni 12,000 na huna fremu nyingine unaweza kusamehewa yote, ila lazima uombe.

---

Kaka Mungu akulipe. Nimeangalia, ni daraja B. Na jana mvua ilinyesha nikatoka nyuma, bomba limepasuka juu ya dirisha, maji yanateremka ukutani moja kwa moja.

---

Basi ndio ugonjwa wenyewe huo dada. Piga picha mvua ikiwa inanyesha, mpelekee wakili, mwenye jengo atengeneze bomba kabla hujasaini, kisha ukuta uachwe ukauke wenyewe, utachukua miezi. Jumamosi niko huru, nikija na ngazi tutaangalia na gata.