Bandso yangu inatoa mbao zenye mawimbi. Niiuze nirudi kwenye dingdong?

Mtoto_wa_Mufindi

Kamwene wakuu. Naombeni ushauri, hasa ninyi mliowahi kuishika kwa mikono yenu bandso ya kubebeka, ile mashine ya kuchana mbao kwa bledi ya utepe.

Nina ekari tano za misindano hapa Mufindi, alizipanda marehemu baba mwaka 2007. Majirani wengi wanauza miti ikiwa imesimama. Dalali anapita shambani, anahesabu kwa macho, anataja bei, na mwenye shamba anakubali kwa sababu ada ya shule inamsubiri. Nikaapa kwamba miti ya baba nitaichana mwenyewe.

Nilianza na dingdong ya kukodi, ile mashine ya msumeno wa duara. Kazi ilienda haraka, lakini niliumia nilipoona lile rundo la maranda. Bledi ya duara ya ile mashine inakula karibu milimita 7 kila inapopita. Nikakaa nikapiga hesabu: kipande kilichopigwa mraba chenye milimita 220, ukikichana mbao za inchi moja (milimita 25), dingdong inakupa mbao 7. Bandso inayokula milimita 2 na nusu inakupa 8. Mbao moja zaidi kwa kila kipande, kwa shamba zima, ni pesa.

Basi nikachukua mkopo SACCOS nikanunua bandso ya mtumba, injini ya petroli HP 13, reli zake zinafunguka na kubebwa kwenye pikapu mpaka shambani. Wiki ya kwanza ilichana vizuri sana. Sasa hivi mbao ya inchi 1x8 ya futi 12 nikiipima naikuta milimita 26 kichwani, 21 katikati, 29 kule mwisho. Ukiilaza na kuitazama kwa ubavu inapanda na kushuka kama barabara ya kwetu. Mteja wa Mafinga amekataa mbao 100 mbele ya vijana wangu. Sitaki kuwadanganya, siku ile sikula.

Nimekaza bledi, nimelegeza, nimenyoosha reli. Operata mmoja anasema reli zimepinda, mwingine anasema mashine imechoka. Marejesho ya mkopo hayasubiri. Niiuze?

Kipanga_Makete

Pole mkuu. Mimi nasema iuze, na nakwambia kwa nia njema. Dingdong ikiharibika saa nne asubuhi, saa sita fundi wa kijijini ameshaitengeneza kwa kuchomelea. Vijana wote wanaijua. Bandso inataka utaratibu ambao huku kwetu haujazoeleka, na bledi zake hupati kila duka. Halafu angalia na ukubwa wa magogo. Kama mengi ni membamba, ya sentimita 15 hadi 18, bandso inakuchelewesha, maana unafunga gogo moja moja. Dingdong inayala hayo magogo mchana kutwa bila kupumzika.

Fundi_Bledi

Mtoto wa Mufindi, usiuze kitu kwanza. Nijibu maswali haya, na unijibu kweli:

Una bledi ngapi? Nani anazinoa, na kwa kifaa gani? Bledi moja inakaa kwenye mashine muda gani kabla hujaibadilisha? Magogo yanafikaje kwenye mashine? Na yale mawimbi yanajirudia urefu wote wa mbao, au ni upande mmoja tu mnene?

Mtoto_wa_Mufindi

Asante fundi. Bledi ninazo tatu, zilikuja na mashine zikiwa mpya. Ananoa fundi wa mjini anayenoa bledi za dingdong, anatumia grenda ya mkono. Tunafunga bledi asubuhi, tunaitoa jioni, au ikikatika. Magogo tunayaburuta kwa ng'ombe kutoka bondeni, na mvua hizi yanafika yamejaa tope. Mawimbi yanajirudia urefu wote, na yanazidi penye vifundo vya matawi.

Fundi_Bledi

Umeshajijibu mwenyewe kaka. Mashine yako haina kosa. Bledi zako ndizo zimekufa.

Nianze na namna ya kusoma mbao, kwa faida ya wote. Ubavu mmoja ukiwa mnene kuliko mwingine urefu wote, bledi haiko sambamba na kitanda. Kichwa kimoja kikiwa kinene na kingine chembamba, tazama reli, huenda zimezama kwenye udongo upande mmoja, au gogo halikufungwa sawasawa. Lakini mbao ikipanda na kushuka, ikapanda na kushuka, hiyo ni bledi: butu, meno hayajatanuliwa, mkazo mdogo, au unasukuma kichwa cha mashine kwa haraka kuliko meno yanavyoweza kula.

Sasa hilo la meno kutanuliwa ndilo nataka ulielewe vizuri. Chukua bledi mpya uitazame kwa juu. Jino moja limepindwa kushoto, moja kulia, moja limebaki wima, halafu yanarudia hivyo hivyo. Kwa msindano, upindo huo ni kama nusu milimita kila upande, na ndio unaofanya njia ya bledi iwe pana kuliko unene wa bledi yenyewe. Kila ukinoa, ncha ya jino inaliwa, na upindo unapungua. Fundi wako wa mjini ananoa ncha tu, hatanui meno, kwa sababu hana kifaa chake. Baada ya kunolewa mara tatu au nne bledi ni kali ukiigusa kwa kidole, lakini ubapa wake unasugua mti pande zote mbili. Ukisugua unapata joto. Bledi ikipata joto inarefuka, ikirefuka mkazo unapotea, na bledi iliyolegea ikikutana na kifundo inakikwepa, inapanda au inashuka. Hapo ndipo 26 inakuwa 21.

Grenda ya mkono nayo iache kabisa. Bledi ya bandso inanolewa kwa mashine yenye jiwe linalofuata umbo lote la jino, mpaka lile bonde kati ya jino na jino. Bonde ndilo linalobeba maranda na kuyatoa nje. Grenda inaacha mikwaruzo na alama za kuungua ndani ya bonde, na ufa unaokatisha bledi unaanzia humo. Nina hakika bledi yako ikikatika unakuta ufa umeanzia kwenye bonde.

Muda: saa mbili za kuchana, toa, weka nyingine. Magogo yenye tope, hata chini ya hapo. Ukisubiri mpaka uone mawimbi umeshachelewa, bledi imeshaumia na mbao zimeshaharibika. Kwa siku nzima ya kazi unahitaji bledi nne au tano zilizo tayari, na nyingine ziko kwa mnoaji. Jioni legeza mkazo, usiiache bledi imekazwa usiku kucha.

Tope: mchanga ndio adui mkubwa kuliko mti wenyewe. Toa magome kwa panga au shoka, walau ule mstari ambao bledi itaingilia, na usugue kwa brashi ya waya. Ukiweza, weka magogo juu ya vijiti tangu yanapoangushwa, yasilale kwenye udongo.

Utomvu: msindano unanata. Dumu la maji yenye sabuni ya kuoshea vyombo, yanadondoka kwenye bledi tone kwa tone, inatosha. Usimwage kama unamwagilia mboga.

Mwisho, jaribio moja kabla ya kufanya lolote. Tafuta bledi mpya ambayo haijawahi kunolewa. Sogeza ile rola ya kuongoza bledi karibu na gogo, nafasi ya vidole viwili tu. Chana. Ikitoka sawa, mjadala wa kuuza mashine umekwisha. Na vaa glovu ukiifungua bledi iliyokunjwa, na operata asisimame kwenye mstari wa bledi inapozunguka. Nimeshaona mkono wa mtu ukishonwa kwa ajili hiyo.

Kipanga_Makete

Fundi nimekuelewa. Mimi bandso yangu iliyonishinda nilinoa bledi zake kwa grenda hivyo hivyo. Sikujua habari ya kutanua meno, nilidhani ni umbo tu.

Mama_Mbao_Dar

Kijana wangu, mimi nanunua mbao za Mufindi na Njombe, naziuza huku Dar. Nikwambie mnunuzi anavyofikiri. Nikipokea lori, siangalii mbao ya juu. Nachomoa ya katikati ya rundo, naipima sehemu tatu. Ikipishana, nashusha bei ya lori zima, kwa sababu seremala wangu atalazimika kuipitisha kwenye randa mpaka afike kwenye sehemu nyembamba, na kila anachokitoa ni hasara yake. Kwa hiyo, ile mbao yako ya nane unayoipata kwa bandso, mawimbi yanaila.

Lingine mnalolisahau vijana: chana na ziada. Mbao mbichi inasinyaa. Ukitaka inchi kamili ikikauka, chana milimita 27 au 28. Na ukishachana usizirundike zikiwa zimegusana. Msindano mbichi kwenye joto unaingia ukungu wa bluu ndani ya siku chache, mbao inaonekana chafu, na mteja wa fanicha anaikataa. Panga juu ya magogo, nusu mita kutoka ardhini, weka vijiti vya inchi moja kila baada ya futi mbili, na vijiti vya kila safu vikae juu ya vya safu ya chini yake, visipishane. Juu funika na mabanzi, halafu weka kitu kizito. Upepo upite, jua lisipige moja kwa moja.

Hizo 100 zilizokataliwa umezifanyaje? Usiziuze kuni.

Mwana_Njombe

Samahani kuingilia uzi. Mimi nachana milingoti (mikaratusi) kwa bandso kama hiyo. Bledi mpya, lakini mbao zinapinda zenyewe zikiachana na gogo, na nyingine zinapasuka kuanzia kichwani. Hilo nalo ni bledi?

Fundi_Bledi

Hapana, hiyo ni nguvu iliyo ndani ya mti. Mlingoti unapokua, sehemu ya nje inavutwa na ya ndani inabanwa. Ukichana upande mmoja tu, umefungua kamba ya upande huo, gogo linapinda. Chana banzi moja, geuza gogo nyuzi 180, chana upande wa pili, endelea kubadilisha hivyo mpaka ufike katikati. Kiini chenyewe kiache ndani ya kipande kinene, usikigawe. Na chana mapema, gogo likikaa juani vichwa vinapasuka. Vipake rangi nzito au nta mara tu unapokata.

Mwanafunzi_wa_Misitu

Nyongeza kwa mwenye uzi. Chuo cha FITI Moshi kinafundisha mambo haya ya viwanda vya mbao, na kunoa misumeno ni somo zima pale, halifundishwi kwa kupita. Na Mafinga kuna kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao, karibu kabisa na wewe. Nenda uulize kozi fupi za wapasuaji. Mpeleke na huyo operata wako, yeye ndiye anayesukuma mashine.

Pia kabla hujapakia lori hakikisha umepata hati ya kusafirishia ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Miti ni ya baba, ndiyo, lakini kwenye kizuizi wanauliza karatasi.

Mtoto_wa_Mufindi

Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa.

Nilikwenda Mafinga nikapata bledi mbili mpya. Jumamosi asubuhi tukatoa magome, tukasugua, nikasogeza rola kama alivyoelekeza fundi. Mbao ya kwanza nilipima sehemu tano: 28, 28, 27, 28, 28. Nilipima tena kwa sababu sikuamini. Operata wangu aliyesema mashine imechoka alinyamaza, akachukua futi akapima mwenyewe.

Tulikwenda saa mbili na robo, sauti ya injini ikaanza kubadilika, nikasimamisha, nikaweka ya pili. Mpaka tunafunga kazi hakuna wimbi. Zile tatu za zamani nilizitazama kwa juu, fundi, meno yake yamenyooka yote kama kitana. Na ile iliyokatika, ufa umeanzia kwenye bonde, ulivyosema.

Nimeongea na majirani wawili wenye bandso, tunataka kuchanga tununue mashine ya kunolea na kile kifaa cha kutanulia meno, ikae kijijini. Fundi, tukinunua, tuanze na kipi kama pesa haitoshi vyote viwili?

Mama, nashukuru sana. Zile mbao 100, nimeuza 40 kwa bei ya kutupa kabla sijasoma ujumbe wako. Zimebaki 60.

Fundi_Bledi

Nunueni vyote kwa pamoja, hata kama itabidi msubiri miezi miwili. Kunoa bila kutanua ndiko kulikokufikisha hapa. Wakati mnasubiri, peleka bledi kwa mtu mwenye vifaa vyote viwili, hata kama yuko mbali, zikusanye ziwe kumi ndipo uzitume.

Mama_Mbao_Dar

Hizo 60 zikaushe kwanza, halafu zipitishe kwenye randa mpaka milimita 18. Kama sehemu nyembamba kabisa ni 21, hata ikisinyaa kidogo utafika. Ninao wateja wa makabati wanaotaka unene huo huo. Zikishakauka niandikie faragha, usimpe dalali.