Naomba ushauri: begi mgongoni kando ya Ziwa Viktoria, Entebbe hadi Bukoba, siku nane

Mwalimu wa Bombo
Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za leo.

Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Bombo, Uganda. Likizo ya Agosti nataka kusafiri na mdogo wangu wa kike, ana miaka 19, tuufuate ufuko wa magharibi wa ziwa kwa teksi, vivuko na miguu. Marehemu baba yetu aliendesha lori barabara hiyo miaka mingi. Kila akirudi kutoka Bukoba alituletea kahawa ya kutafuna: kifurushi kidogo cha jani kavu la mgomba, kimefungwa kwa kamba ya mgomba huohuo, ukifungua unakuta punje tano sita nyeusi zinazonukia moshi. Mdogo wangu alikuwa bado wa kubebwa mgongoni baba alipofariki. Nataka afike kule vilikotoka vile vifurushi.

Nilivyopanga: Kampala, Entebbe, tupande meli kwenye gati la Nakiwogo hadi Kalangala, kisiwani Bugala, tulale siku tatu. Kisha kivuko cha Luuku kwenda Bukakata ng'ambo, Masaka, Mutukula mpakani, hadi Bukoba Tanzania, halafu turudi kwa basi. Nina shilingi 900,000 za Uganda kwa watu wawili. Hema ninalo.

Je, pesa zitatosha? Na kuna mtu kaniambia Kalangala kuna maboti ya mbao yanayokata ziwa moja kwa moja hadi Kasensero, ng'ambo karibu na mpaka wa Tanzania, tutaokoa siku nzima. Yafaa?

Mama wa Nakiwogo
Karibu mwanangu. Mimi napika hapa karibu na gati. Meli yenyewe, MV Kalangala, huondoka saa nane mchana na kufika Lutoboka, gati la kule Kalangala, kama saa kumi na moja na nusu. Asubuhi yake inageuza kutoka Lutoboka saa mbili. Fika saa sita, ukate tiketi mapema, daraja la pili linakutosha, jua likiwa kali mkae upande wenye kivuli. Ila usitoke Bombo kabla ya kuuliza kama inatembea, maana wakati mwingine huingia matengenezoni na watu wanarudi na mabegi yao.

Zaituni_Begi
Dada yako hapa nimezunguka Bugala peke yangu mara mbili, kwa hiyo naongea nilichokiona.

Pesa zinatosha msipokula hotelini. Safari yangu ya mwisho nauli zote za kwenda na kurudi Kalangala hazikufika 60,000. Kupiga hema kwenye uwanja wa ufukweni nililipa 20,000 kwa usiku, choo na maji ya kuoga vimo. Kinachokula pesa ni sahani ya samaki kwenye mahoteli ya Lutoboka. Shuka mwaloni asubuhi mitumbwi inaporudi, nunua ngege wako mbichi, ombeni jiko la mkaa kwa mama yeyote pale, mpike. Mimi nilikula vizuri kuliko wageni wa hotelini, na yule mama hadi leo tunapigiana simu.

Bodaboda za mjini msizipande kila mara. Tembeeni. Kutoka Kalangala mjini kushuka Lutoboka njia inapita msituni, hondohondo wanapiga kelele juu, tumbili wamejaa, na mara ziwa linafunguka mbele yako lote. Upande wa pili wa kisiwa ni michikichi mitupu, mistari na mistari, haina mvuto.

Sasa sikiliza hili la kuoga ziwani, maana najua mtatamani. Ziwa hili lina kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na hupenya ngozi ndani ya dakika chache, huhitaji kunywa maji. Pale penye majani na maji yaliyotulia ndipo pabaya zaidi. Mimi niliingia siku moja tu, kwa raha, na baadaye nikameza dawa yake, praziquantel. Mkiingia, msikimbilie kupima wiki ileile mkirudi, kipimo kinaweza kisione kitu. Subirini kama miezi miwili ndipo mwende.

Kaka Musa
Mwalimu, mimi ningekata Bukoba kabisa. Mpaka, pasi, kubadilisha pesa, yote hayo kwa siku mbili tatu? Baki Uganda. Nendeni Nabugabo, ziwa dogo lililotengwa na Viktoria kwa ukanda wa mchanga, kuna samaki wasiopatikana kwingine duniani, unapiga hema chini ya miti, kimya. Kutoka Masaka ni karibu.

Mwalimu wa Bombo
Asante kaka Musa, Nabugabo nimeiandika. Lakini Bukoba ndiyo sababu ya safari. Nikiikata, afadhali nibaki nyumbani.

Baharia Mstaafu
Nimesoma hadi kwenye boti la mbao nikasimamisha chai. Mwanangu, usipande.

Nimefanya kazi kwenye ziwa hili miaka 22. Mwaka 2009 nilikuwa ndani ya boti lililopakia makaa, ndizi na watu 30 na ushei, injini moja, jaketi za kuokolea maisha nne. Tulitoka saa saba mchana kwa sababu mwenye boti alikuwa bado anasubiri mizigo. Ziwa hili asubuhi ni kioo. Mchana upepo unaamka, na Agosti unavuma kutoka kusini kwa nguvu, wimbi fupi fupi lililosimama, si kama la bahari. Injini ilizima. Tulichota maji kwa masufuria hadi magharibi. Aliyekuwa karibu nami alikuwa kijana wa sekondari, na mikono yake ilikuwa imechubuka kwa kushika ubao. Tulifika. Wengine hawakufika: Agosti 2023 boti lililotoka Kalangala kwenda Kasenyi likiwa na watu 34 lilizama kwa hali ya hewa mbaya na mzigo uliozidi, wakafa 20. Kuna watu nawafahamu waliokwenda kuvuta miili.

Siku moja utakayookoa haina thamani hiyo. Kivuko cha Bukakata na Luuku ni cha chuma, kinabeba magari, na ni bure. Bure, mwanangu! Mkilazimika kupanda mtumbwi kwenda kisiwa kidogo cha jirani, iwe asubuhi mapema, jaketi mmezivaa na mmezifunga. Msikubali kuambiwa zipo chini ya benchi.

Dereva wa Mutukula
Namuunga mkono mzee kwa yote.

Kuhusu mpaka: kitambulisho cha taifa kinakuvusha kwenda Kenya na Rwanda, Tanzania wao wanataka pasi. Anza kuishughulikia sasa. Kadi ya homa ya manjano pia mbebe. Ukibadilisha pesa, shilingi yao ina nguvu kuliko yetu, kwa hiyo hesabu polepole, noti moja moja, na mtu asikuharakishe. Kutoka Mutukula hadi Bukoba ni kama kilomita 80, lami. Mtapita Kyaka, daraja la mto Kagera lililovunjwa na majeshi ya Amin mwaka 1978. Mwonyesheni mdogo wenu, wanafunzi wa siku hizi wanalisoma tu.

Ila mwalimu, safari yako umeianza na mkia. Igeuze. Nenda Bukoba kwanza kwa barabara, pesa ikiwa kamili na miguu haijachoka, maana ng'ambo ndiko kwenye gharama usizozijua. Ukirudi, shuka Masaka, nenda Nyendo, hapo ndipo teksi za Bukakata zinapojaza. Vuka bure, maliza Kalangala. Kisiwani hata ukibakiwa na 80,000 unaishi: hema, ngege, mchele. Na siku ya mwisho unapanda meli ya saa mbili asubuhi Lutoboka, mchana uko Entebbe. Meli ikiwa imeharibika, unarudi kwa Bukakata ulikotokea. Kwa mpango wako wa kwanza, meli ikikosekana siku ya kwanza, safari imekwama Nakiwogo.

Mama wa Nakiwogo
Huyu dereva kasema kweli. Na mkishuka hapa mje mle kwangu.

Kaka Musa
Nakubali. Tena kwa njia hiyo Nabugabo inaingia, ipo upande wa barabara ya Bukakata. Usiku mmoja tu, mwalimu.

Mwalimu wa Bombo
Sikutegemea majibu ya namna hii, Mungu awabariki. Nimegeuza safari. Bukoba siku tatu, Nabugabo usiku mmoja, Kalangala tatu, kurudi kwa meli. Mzee Baharia, mdogo wangu mwenyewe amesoma maneno yako, kaniambia hata mtumbwi wa asubuhi hataki. Pasi yangu ipo, yake tunaanza Jumatatu.

Swali la mwisho: ile kahawa ya vifurushi bado inauzwa Bukoba?

Dereva wa Mutukula
Ipo. Ulizia sokoni kwa kina mama watu wazima, si kwenye maduka ya wageni. Sema unataka kahawa ya kutafuna, iliyofungwa kwa majani, watakuelewa. Nunua ya kutosha, kifurushi kimoja mpelekee mzee Baharia.