Mkao naupata, kivuli kinaniangusha

Habari za humu wakuu. Wiki ya sita sasa kila jioni nachora watu huku saa ikihesabu: michoro kumi ya sekunde 30, mitano ya dakika 2, kisha mmoja wa dakika 20. Mkao naupata, mtu akiegemea mguu mmoja, nyonga ya upande huo naiona inavyopanda. Ila nikianza kutia kivuli, mwili wote unageuka kijivu kama umepakwa majivu. Nakosea wapi?

penseli_butu: Ndugu, umeruka ngazi. Kati ya dakika 2 na 20 weka michoro ya dakika 5 ya kivuli tu. Finya macho mpaka vitu vidogo vipotee, ubaki na sehemu mbili: penye mwanga na pasipo mwanga. Chora mpaka kati ya hizo mbili kwa mstari hafifu, laza penseli ya 4B (ile laini yenye weusi wa kukolea) kwa ubavu, jaza kivuli chote kwa weusi mmoja. Upande wa mwanga usiuguse kabisa, hata kama kitovu kinakuita.

mkaa_laini: Na ule mwanga unaorudi kutoka sakafuni, chini ya taya au paja, usiung'arishe. Upo ndani ya kivuli, kwa hiyo uwe mweusi kuliko penye mwanga. Mimi nilikwama hapo muda mrefu mno.

Muuliza swali: Nimejaribu leo, mgongo, dakika 5. Mfupa wa bega umetokeza wenyewe! Asanteni sana.