Eti Mall of America, lile jengo la maduka huko Bloomington, Minnesota, ilikuwa uwanja wa besiboli?

Mgeni_Bloomington: Jamani, mzee mmoja kazini kaniambia hivyo. Ananitania?

MamaWawili: Hakutanii. Metropolitan Stadium ilikuwa hapo hapo. Twins, timu ya besiboli ya Minnesota, walihamia kutoka Washington mwaka 1961, wakachezea hapo hadi 1981. Nenda kwenye bembea za watoto katikati ya jengo, utaona bamba sakafuni pale mpigaji alipokuwa akisimama. Halafu inua macho: kiti chekundu kimebandikwa ukutani, juu huko. Ndiko ulikofika mpira uliopigwa na Harmon Killebrew wa Twins mwaka 1967, zaidi ya futi 500! Nilijaribu kuhesabu hatua, wanangu wakanicheka mpaka nikaacha.

Mgeni_Bloomington: Kha! Na kabla ya hapo?

MamaWawili: Nicollet Park, Minneapolis kwenyewe, 1896 hadi 1955. Waliocheza huko walikuwa Millers, timu ya ligi ndogo. Baada ya Metropolitan, Twins wakaingia uwanja wa Metrodome, wenye paa la kitambaa lililoshikiliwa na hewa tu.

Baba_Kisii: Mimi nauliza Target Field, uwanja wa Twins wa sasa.

MamaWawili: Ilifunguliwa 2010, haina paa. Aprili nenda na koti zito, shemeji.