Monstera yangu ilidhoofika kivulini, sasa imeungua dirishani: mwanga unaotosha hupimwaje?

Chungu Kimoja:

Ndugu wanajamvi, salaam. Nina monstera, ule mmea wa nyumbani ambao majani yake hutoboka unapokomaa, niliyoitunza kwa miaka miwili, nami naomba ushauri wenu kabla sijaipoteza. Muda wote huo ilikaa kwenye pembe ya sebule, karibu mita nne kutoka dirishani, mahali ambapo mchana ninasoma bila kuwasha taa, kwa hiyo niliamini kwamba mwanga unatosha. Ilikua, lakini kwa namna ya kusikitisha: vikonyo virefu vilivyolegea, majani madogo yasiyozidi kiganja na yasiyo na tundu hata moja, na shina lote limeinamia upande wa dirisha kama mtu anayechungulia.

Wiki mbili zilizopita niliihamishia kwenye kizingiti cha dirisha linalotazama magharibi. Siku ya tatu, niliporudi jioni, nilikuta majani mawili ya juu yana mabaka yaliyopauka, ambayo sasa yamekuwa ya kahawia na kukauka kama karatasi, kiasi kwamba ukiyagusa yanamomonyoka. Kila ninaposoma habari za mmea huu naambiwa unataka "mwanga mwingi usio wa moja kwa moja", lakini hakuna anayesema mwingi ni kiasi gani, wala huo usio wa moja kwa moja unatambulikaje. Je, niurudishe pembeni? Na majani yaliyoungua niyakate?

Mlezi wa Majani:

Ndugu Chungu Kimoja, pole. Jicho ndilo lililokuponza. Mboni hutanuka gizani na kusinyaa penye mwanga, hivyo chumba ambacho kwetu kinaonekana cheupe kabisa kinaweza kuwa na njaa kubwa kwa mmea. Nje, jua la saa sita mchana bila wingu hufikia kama lux 100,000 (lux ni kipimo cha mwanga). Mita nne ndani ya nyumba, mara nyingi hubaki lux mia chache tu. Mtu husoma vizuri kwa mwanga huo, ila monstera hutumia akiba yake kurefusha shina ikiutafuta mwanga zaidi, na ndiyo maana vikonyo vyako vimekuwa virefu.

Huhitaji kununua kipimo. Siku isiyo na mawingu, kati ya saa tano na saa nane mchana, weka karatasi nyeupe mahali unapotaka chungu kikae, kisha nyosha mkono juu yake kwa umbali wa sentimita 30 hivi. Usipoona kivuli, au ukaona weusi hafifu usio na umbo, hapo ni mahali pa mimea mivumilivu kama sansevieria, nayo huvumilia tu, haistawi. Ukiweza kuhesabu vidole lakini kingo zake zimefifia, hapo ndipo monstera inapopataka. Kivuli kikiwa cheusi chenye kingo kali, jua linapiga lenyewe.

Na kuhusu yale maneno yanayokukera, mimi huyatafsiri hivi: shusha kichwa hadi kwenye majani, utazame dirisha. Ukiona sehemu kubwa ya anga lakini jua lenyewe hulioni, huo ndio mwanga mwingi usio wa moja kwa moja.

Shina Refu:

Nakubaliana na aliyetangulia, ila kipimo cha adhuhuri peke yake kisingemwokoa mwenzetu, kwa sababu dirisha la magharibi saa sita mchana huwa halina jua kabisa. Jua huingia alasiri, tena likiambatana na joto lililokwisha kujikusanya tangu asubuhi. Pima tena saa tisa na saa kumi. Dirisha la mashariki huleta jua la asubuhi lililo pole, na monstera iliyokwisha kulizoea hulifurahia kwa saa moja au mbili. Madirisha ya kaskazini na kusini hutegemea uko upande gani wa ikweta: aliye mbali kaskazini mwa ikweta hupata jua kwenye dirisha la kusini, na aliye mbali kusini hulipata kwenye la kaskazini. Anayeishi karibu na ikweta ana kazi zaidi, kwani jua la mchana huwa upande wa kaskazini katikati ya mwaka na upande wa kusini mwishoni mwa mwaka, na chungu kilichokuwa salama mwezi Juni kinaweza kuungua Desemba bila kusogezwa hata kidogo.

Kwao monstera ni misitu ya kuanzia kusini mwa Meksiko hadi Panama. Mche huanzia chini gizani, hutambaa kuelekea kigogo cha mti, kisha hupanda, na kadiri unavyokomaa na kupata mwanga ndivyo majani yanavyotanuka na kutoboka. Kwa hiyo majani yako kukosa matundu kunatokana na mwanga, lakini pia na umri.

Kilichoyaunguza hasa ni haraka. Jani lililokulia kivulini limeundwa kwa mwanga mdogo. Ukilitupa juani ghafla hupokea nishati nyingi kuliko inavyoweza kutumika katika usanisinuru, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga, na umbijani, ile rangi yake ya kijani, huharibika. Usogeze mmea polepole: sogeza nusu mita, subiri siku nne au tano, sogeza tena. Jani lililoungua halirudi kijani, lakini sehemu iliyobaki hai bado inafanya kazi, kwa hiyo mimi ningelikata tu ikiwa zaidi ya nusu imekauka. Pembeni usiurudishe.

Mama Bustani:

Wanangu, mmesahau maji. Mmea uliosogezwa kwenye mwanga hunywa zaidi, na uliorudishwa kivulini hunywa kidogo, na wengi huozesha mizizi kwa kumwagilia kwa kalenda ileile. Tumbukiza kidole hadi pingili ya pili. Kukiwa na unyevu, ngoja.

Mtaambiwa pia mgeuze chungu robo mzunguko kila wiki ili mmea usiiname. Kwa mimea mingi ni sawa, lakini kwa monstera sikubaliani nao. Huu ni mmea wa kukwea miti, una mgongo wake unaotoa mizizi ya hewani na uso wake unaotoa majani, na ukiugeuza kila mara unaulazimisha kujisokota. Weka mti wa kuegemea mgongoni, uso uelekee dirishani, kisha uuache. Na ufute vumbi kwa kitambaa chenye maji, mwanangu, kwa maana vumbi nalo ni kivuli.

Chungu Kimoja:

Shikamoo Mama, na asanteni nyote. Leo nimepima. Pembeni karatasi ilibaki nyeupe tupu. Kwenye kizingiti, saa tisa na nusu, kivuli kilikuwa kikali hadi nikaona pete kidoleni. Mita moja na nusu kutoka dirishani, nikiwa nimeshusha pazia jepesi, nilihesabu vidole vitano vyenye kingo zilizofifia, nami nitausogeza hadi hapo. Swali moja limebaki: je, lile shina lililorefuka litafupika?

Shina Refu:

Halifupiki, nafasi iliyokwisha kuachwa kati ya jani na jani hubaki hivyo. Subiri kwanza jani jipya moja au mawili yatoke kwenye mwanga huo mpya. Yakiwa na vikonyo vifupi na imara, kata shina chini kidogo ya kifundo (pale jani linapotokea kwenye shina) chenye mzizi wa hewani, uweke kipande hicho kwenye chupa ya maji mahali palepale penye pazia. Kisiki nacho usikitupe, kwani kwa kawaida huchipua tena kutoka kwenye kifundo kilicho chini ya ulipokata.