Vipande VITATU vya barafu, kwa vidole, kwenye bia niliyoitunza miaka mitatu

Mtunza Chupa:
Wakuu salamu baadaye, nina hasira hata kuchapa nashindwa, mkikuta herufi zimerukwa mnisamehe. Mods naomba msiuunganishe huu uzi na ule mkubwa wa bia, huu ni wa mtu mmoja na mtu mwenyewe mnamjua, simtaji. Yule yule. Anayejiita mwonjaji. Aliyezunguka nchi nne na sisi halafu akirudi anasimulia kama alikwenda peke yake.

Jana usiku amenitilia barafu kwenye Orval.

Narudia kwa waliokuja mbio. BARAFU. Kwenye ORVAL.

Ile chupa sikuiokota njiani jamani. Nimeifuata kwenye abasia yenyewe, makao ya watawa inakopikwa, kusini kabisa mwa Ubelgiji, ukijikwaa unaangukia Ufaransa. Pale karibu kuna kimgahawa cha hao hao watawa, wanakuuliza unataka changa au iliyokaa, nikaomba zote mbili nikaziweka mezani ubavu kwa ubavu. Changa hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, zinakupiga puani kama mtu amekupondea maua usoni, uchungu umesimama wima. Iliyokaa uchungu umelala, bia imekauka, inanukia ngozi na ghala lenye majani makavu, wala huwezi kuamini ni ndugu mmoja. Sababu wakati wa kujaza chupa wanatia hamira ya mwituni, inabaki humo ndani inakula sukari kidogo kidogo mwezi hadi mwezi, ndo maana kwenye chupa wanaandika siku iliyojazwa na wanakupa miaka mitano ya kuitunza. Nikasema hii moja naondoka nayo. Nikaivalisha soksi mbili, viatu nikaviacha hotelini ili yenyewe ipate nafasi kwenye sanduku.

Miaka mitatu kabatini. Gizani, wima, mashapo yatulie chini. Katikati hapo nimehama nyumba, televisheni ilipanda na magodoro, chupa nimeipakata mapajani mimi mwenyewe.

Jana tukakaa watu sita, kila mtu na alichobeba safarini. Zamu yangu ikafika. Nimeleta mpaka glasi yake, ile ya mguu yenye mdomo mpana. Namimina taratibu glasi imeinama, naacha kidole kimoja cha mashapo kwenye chupa, povu linapanda jeupe, zito, linasimama juu ya ile rangi ya chungwa kama kofia. Watu wote kimya. Nikageuka kuchukua kitambaa, sekunde tano, hazikufika sita, nageuka nakuta mkono wa yule bwana umezama kwenye ndoo ya barafu. Koleo lipo! Limelala pembeni ya ndoo linamtazama! Yeye VIDOLE, vidole vilivyoshinda vinaparuza simu tangu jioni. Tumbu. Tumbu. Tumbu. Vitatu. Povu lote likazama kama limeitwa kuzimu.

Halafu akakoroga. Na ufunguo wa gari.

UFUNGUO WA GARI WAKUU.

Akapiga funda moja, akakunja uso, akasema "mbona kama imechacha hii". Imechacha! Bia gani duniani haijachacha? Ingekuwa haijachacha ingeitwa uji! Kilichobaki akakimwaga kwenye chungu cha maua. Lile ua nimeenda kuliangalia asubuhi, limesimama vizuri, limekunywa Orval ya miaka mitatu na limeielewa kuliko yeye.

Na si mara ya kwanza. Huyu huyu Brussels tulimpeleka Cantillon, watu wanapika lambiki, ile bia yao ya ukali wa uchachu, tangu 1900, hamira hawaweki kabisa, wanaacha bia ipoe usiku kwenye sinia kubwa la shaba chini ya paa ishikwe na vijidudu vya hewani, akaonja akauliza kwa sauti kama tumeletewa siki. Nilikaa kimya siku ile. Ule ukimya ndo umenizalia vile vipande vitatu.

Vitatu. Kwa vidole.

Kiti cha Kaunta:
Nimeweka kiti hapa sitoki. Mkuu kwa hiyo ulilia au hukulia?

Mtunza Chupa:
@Kiti cha Kaunta nilitoka nje nikasimama. Basi.

Kiti cha Kaunta:
Alilia huyu 😂😂😂

Dada wa Pipa:
Pole kaka, ila swali dogo, unamjua alivyo, Brussels ameshakuonyesha, sasa ulimgeuzia mgongo ukiwa na chupa ya miaka mitatu mezani ukitegemea nini? Mtu anayemjua paka hawezi kuacha maziwa wazi.

Mtunza Chupa:
Dada mimi nilimgeuzia mgongo mtu mzima wa rika langu, sikumgeuzia paka. Na hata paka angetia ulimi, asingetia ufunguo.

Baridi Tu:
Mnakuza mambo. Bia ya moto hainyweki. Jamaa kaona haijapoa kaipoza, tatizo liko wapi? Mi natia barafu kila siku na ninaishi.

Mtunza Chupa:
Haikuwa ya moto. Ilikuwa na ubaridi wa kabatini, karibu nyuzi kumi na kitu, ndivyo inavyonywewa. Ukiigandisha unafunga mdomo wa kila harufu iliyomo humo, unakunywa baridi tupu. Na barafu ikiyeyuka ni maji. Miaka mitatu natunza ili nije kunywa MAJI?

Mzee wa Pinti:
Hapo mleta uzi yuko sahihi. Uingereza bia ya pipa inayoishi, yaani bado inachacha humo humo pipani, wanaitoa stoo ya chini kwa nyuzi 11 hadi 13, mtu asiyejua anasema haijapoa vizuri. Mie mara ya kwanza nilifanya uso kama wa huyo bwana, ila sikutia kitu ndani, nikamaliza pinti yangu ya mililita 568 kwa adabu, ya pili ndo nikaisikia utamu, mkate, matunda, kila kitu.

Sheria ya 1516:
Tuliangalie kisheria. Bavaria mwaka 1516 walitoa sheria bia iwe shayiri, hopsi na maji. Barafu ni maji. Jamaa hana kosa.

Dada wa Pipa:
😂😂😂 mkuu umeua

Mtunza Chupa:
Maji ya KUPIKIA. Hakuna mahali pameandikwa maji ya kutumbukiza na vidole. Na ufunguo wa gari ni shayiri au ni hopsi?

Nusu Lita:
Hiyo sheria mnayoipenda haikutaja hata hamira, maana enzi hizo hawakujua ni nini kinachoichachusha. Kwa hiyo ukiishika kama msahafu hakuna bia hapo, kuna maji ya shayiri.

Sheria ya 1516:
Hamira walikuwa nayo, walikuwa wanachota povu la pipa lililopita wanatia kwenye jipya. Hawakuiandika tu.

Nusu Lita:
Ndicho nilichosema.

Sheria ya 1516:
Sicho ulichosema, soma tena.

Mtunza Chupa:
Jamani. Vipande vitatu.

Mgeni wa Köln:
Mkuu pole lakini wewe umepoteza chupa moja, mimi rafiki yangu aliniacha ninywe glasi kumi na moja. Tumefika Köln, bia yao Kölsch inakuja kwenye kiglasi chembamba cha mililita 200, unakimaliza kwa mafunda matatu, kabla hujaweka chini mhudumu ameshabandika kingine na kuchora mstari kwenye kile kikadi cha kuwekea glasi. Mi nikadhani ni ukarimu. Nikisema nimwachie ananiangalia vibaya basi nakunywa nisimuudhi. Kumbe ukitosheka unafunika glasi na hicho kikadi, habari imeisha! Mwenzangu alikuwa anajua TANGU LA KWANZA, alifunika ya kwake baada ya glasi nne, akakaa ananitazama.

Kiti cha Kaunta:
Kumi na moja 😂😂😂 mi nimeshamsahau wa barafu

Mgeni wa Köln:
Mililita 2,200 ndugu yangu, kwa sababu ya kikadi.

Mtunza Chupa:
Pole yako nimeisikia ila wewe angalau ulikunywa. Mimi sikupata hata funda moja. HATA MOJA. Povu nililiona kwa macho tu.

Kimya Kingi:
Dublin mimi. Ile nyeusi yao, Guinness, wanaimimina mara mbili, wanajaza robo tatu wanaiacha juu ya kaunta itulie, unaona zile tabaka zinashuka pembeni kama mchanga, watengenezaji wenyewe wanakwambia sekunde 119.5 mpaka ikamilike. Shemeji yangu hakungoja. Alinyoosha mkono akaichukua ikiwa robo tatu, bado ina rangi ya tope, akaanza kunywa, na aliyekuwa anamimina bado kashika bomba. Baa nzima ilinyamaza. Mzee mmoja wa pembeni aligeuza kiti akatupa mgongo. Tulikaa pale saa mbili hakugeuka.

Mzee wa Pinti:
Huyo mzee namheshimu.

Dada wa Pipa:
Mi kero yangu ni glasi chafu, na hii iko kila nchi. Unaletewa bia, mapovu yamegandia kwenye ukuta wa glasi pande zote, hapo ujue kuna mafuta au sabuni, povu halikai hata dakika. Ukirudisha wanakuona una nongwa. Glasi safi ukinywa povu linaacha pete, funda moja pete moja, unaweza kuhesabu mafunda yako.

Povu Kwanza:
Tukiwa kwenye povu, kuna watu wanarudisha bia kwa sababu ina povu! Prague kuna mmimino wanauita mlíko, maana yake maziwa, glasi karibu nzima ni povu bichi lenye majimaji, tamu, unalipiga haraka kabla halijakauka. Mwenzetu kaletewa, akaanza kugomba ameibiwa, anapima na rula ya simu! Mhudumu hakujibu, alichora mstari kwenye karatasi ya meza akaondoka.

Baridi Tu:
Kaibiwa kweli. Povu ni hewa.

Povu Kwanza:
Povu ndo linaifunika bia isiguswe na hewa, na harufu ya hopsi inakaa humo. Wewe wa barafu kaa pembeni.

Baridi Tu:
Hewa inazuiaje hewa?

Nusu Lita:
Mnaoongelea povu, kuna chupa za kijani kuwekwa juani? Hiyo ndo kesi. Mwanga unauvunja ule uchungu wa hopsi, dakika chache tu za jua kali bia inanuka kicheche. Halafu mtu anakwambia ndo ladha yake ya asili. Chupa ya kahawia inakinga vizuri zaidi, na kopo ndo kabisa. Kila baa yenye meza za nje naona chupa zimeanikwa kama mboga.

Mtunza Chupa:
Ya kwangu ilikaa gizani. Miaka mitatu haikuona hata taa ya kabati. Ndo mjue nilivyokuwa makini, halafu sekunde tano...

Kiti cha Kaunta:
Mkuu tumeelewa, tumbu tumbu tumbu.

Mzee wa Pinti:
Nyie wote mna kero ndogo. Nileteeni mtu anayekwenda msalani zamu yake ikifika. Kule Uingereza mnanunuliana kwa mzunguko, na hakuna mhudumu wa kuja mezani, unakwenda kaunta mwenyewe unaagiza ya wote. Tulikuwa watano. Wanne tumenunua, glasi zinakaribia kuisha, mtu anasimama anajinyoosha, "narudi sasa hivi". Tulizunguka baa sita siku tatu, hajawahi kusimama kaunta.

Dada wa Pipa:
HUYO! Huyo tunaye na sisi!

Kimya Kingi:
Kila kundi lina huyo. Wa kwetu anapokea simu. Simu haijaita.

Mgeni wa Köln:
Wa kwetu ni yule yule aliyenificha kuhusu kikadi. Ndo maana alifunika glasi mapema, alikuwa anakimbia zamu. Sasa hivi ndo naelewa!!

Povu Kwanza:
Dawa yake mnaanza na yeye. Mkifika tu, kabla hajavua koti.

Mzee wa Pinti:
Tulijaribu. Alisema atangulie kwanza msalani.

Mtunza Chupa:
Subirini. Huyu mnayemsema ana kofia ya kijivu? Maana wa kwangu wa barafu safari nzima hajanunua hata mzunguko mmoja, Köln alikwenda msalani, Prague alikwenda msalani, mara ya tatu nikasema leo namsubiri mlangoni. Akatoka. Nikamshika mkono kama namsalimia, nikaugeuza.

Mkavu.

Dada wa Pipa:
Mkavu???

Mtunza Chupa:
Mkavu kabisa dada. Na mkono wenyewe ni ule ule.